Sukari ya Nusu Kijiko

Asubuhi ile Josepha alikuwa anachunga jiwe.

Jiwe lenyewe dogo, la kujaa kiganja, mama yake kalipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye kopo la mwenye nyumba ili lisifanane na mawe ya watu. Foleni ya duka la kaya ilikuwa inaanza kupangwa tangu jioni ya jana yake, na watu hawawezi kulala barabarani. Wanaacha mawe, makopo, vipande vya tofali, ndala moja isiyo na mwenzake. Kila kitu kina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Kukipambazuka watu wanakuja, kila mmoja anasimama nyuma ya kitu chake, na foleni ya mawe inageuka foleni ya watu bila ugomvi. Jiwe la bluu lilikuwa la kumi na tisa. Kwa sukari, mtu wa kumi na tisa ni mtu mwenye bahati.

Mama mmoja mwenye kanga ya njano akaja na kikapu, akasimama pale pale. Akalisukuma jiwe kwa kidole cha mguu.

"Hili la nani?"

Josepha alikuwa hatua mbili tu, ameegemea ukuta, kashika kadi ya mgawo. Alitaka kusema langu. Neno lenyewe fupi hivyo. Likapanda mpaka kooni, likakuta macho ya watu yamegeuka, likarudi lilikotoka.

"Halina mwenyewe," yule mama akasema, akalipiga teke likaingia mtaroni.

Bi Sitara, mwenye nyumba wao, alifika baadaye kidogo kusimama nyuma ya kopo lake, akamwona Josepha kule mwisho kabisa.

"We mtoto, mbona uko mkiani? Jiwe lenu liko wapi?"

"Limeanguka mtaroni, Bibi."

"Limeanguka. Siku hizi mawe yana miguu." Bi Sitara akasonya. "Mdomo huo Mungu kakupa wa kunywea uji tu?"

Watu wakacheka. Josepha naye akacheka, maana kucheka hakudai maneno.

Duka lilipofunguliwa, muuzaji akatoka akasema sukari haijaja, kuna unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na viberiti. Kwa hiyo hata yule wa kwanza hakupata. Lakini foleni haikuvunjika, watu walitaka huo unga, na wakati wakisubiri wakawa wanaongea. Ulikuwa mwezi wa nne, mwaka wa themanini na tatu. Serikali imeanza kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi, nyumba kwa nyumba, na redio haikuwa na habari nyingine.

"Mtaa wa pili wameingia jana," alisema mwanamke mmoja mbele ya Josepha. "Wamemkuta mtu na miche kumi ya sabuni uvunguni. Kapakiwa kwenye Landrova, anaulizwa hajui ajibu nini."

"Miche kumi tu?"

"Wewe ulitaka mingapi? Sabuni ya familia mche mmoja. Hiyo tisa ya nini kama si ulanguzi?"

Josepha alichukua unga wake akaondoka anakimbia. Alikuwa anafikiria sanduku.

Walikuwa wanakaa nyumba ya Bi Sitara, Mtaa wa Mchikichi, chumba cha pili kushoto ukiingia koridoni. Watu watano. Baba Tarsis, mama Celina, Josepha wa miaka kumi na minne, na wadogo zake wawili wa kiume, Wilbert na Anselmi. Uvunguni mwa kitanda cha wazazi kulikuwa na sanduku la bati la kijani, na ndani ya sanduku hilo ndimo ilimokuwa sekondari ya Josepha.

Hakuchaguliwa mara ya kwanza. Mwezi wa tatu ndiyo ikaja barua, chaguo la pili, kujaza nafasi za wasichana ambao hawakuripoti. Shule ya serikali ya bweni, mbali huko bara, siku mbili kwa treni. Waranti ya treni ilikuwemo ndani ya bahasha. Karo hakuna. Ila vifaa: mashuka meupe mawili, viatu vyeusi vya ngozi, blanketi, ndoo, sabuni ya muhula mzima. Na chini yake mstari umepigwa kwa wino mwekundu: aripoti si zaidi ya Jumatatu tarehe kumi na nane Aprili, na atakayefika bila vifaa atarudishwa kwao.

Wengine wangeisoma barua ile wakalia. Mama Josepha aliisoma akacheka, maana yeye alishaanza zamani. Siku Josepha alipoingia darasa la saba tu, alinunua lile sanduku kwa fundi bati wa mtaa wa Gerezani akaanza kulijaza.

Hakulijaza kwa hela. Hela mwaka ule ilikuwa karatasi, unaenda nayo dukani na unarudi nayo. Alilijaza kwa kubana. Sukari ilikuwa inatiwa kwenye birika, si kikombeni, maana alisema ukimwachia mtu kijiko kila mkono una roho yake. Vijiko vitano vya watu watano, anatia viwili na nusu, vingine viwili na nusu vinaenda kwenye debe ndani ya sanduku. Kila siku. Mche wa sabuni anaukata kwa uzi katikati, nusu ya kutumia, nusu ya sanduku. Nguo za kazi za Baba akawa anafua kwa majani ya mpapai, sufuria kwa jivu. Majani ya chai yanachemshwa leo, yanaanikwa, yanachemshwa kesho. Nazi aliikamua mpaka chicha ikatoka kavu kama maranda. Nyanya alinunua sokoni jua likizama, wauzaji wakishachoka kubembeleza. Na Baba, ambaye alikuwa kibarua wa mizani kwa muuza maharage pale Soko la Kariakoo, aliomba ruhusa ya kufagia chini ya magunia kila jioni. Anarudi na kifuko, mama anachambua mawe na vijiti. Watoto wakayaita maharage ya ufagio. Yalikuwa matamu kama mengine, ila ukitafuna lazima uende polepole.

Bi Sitara alikuwa anawatania kutoka kwenye mkeka wake pale uani.

"Nyinyi Wachaga mtakuja kubana hata pumzi."

"Pumzi haina kadi, Bi Sitara," mama anajibu, anapuliza jiko. "Siku wakianza kuigawa kwa kadi, tutaibana."

"Si serikali ilisema tufunge mkanda miezi kumi na minane tu, vita vilipokwisha?"

"Tulifunga. Kufungua ndiyo hatujaambiwa."

Mara moja Wilbert alikutwa uvunguni kachovya kidole kilicholowa mate ndani ya debe la sukari. Mama hakumpiga. Alimtoa kwa sikio, akamsimamisha mbele ya Josepha. "Mwangalie dada yako," akamwambia. "Umelamba kidato cha kwanza chake." Wilbert alilia siku ile kuliko angechapwa.

Basi sanduku likajaa. Mpaka barua inafika mlikuwa na kilo sita za sukari na nusu miche kumi na sita ya sabuni, na mama alikuwa ameshapanga kila kitu. Bi Sitara alikuwa na mashuka mawili meupe, mapya, hayajafunguliwa, na alikuwa anataka sukari ya hitima ya mumewe. Kilo tatu kwa mashuka mawili. Kilo nyingine tatu na nusu miche sita kwa fundi viatu mmoja wa Mtaa wa Kongo, aliyekuwa na ngozi nyeusi lakini hana wa kumletea sukari. Viatu vilishapimwa, Josepha alishakanyaga karatasi fundi akachora mguu. Zilizobaki ndiyo sabuni za muhula. Mabadilishano yalipangwa yafanyike Alhamisi.

Josepha alifika na habari yake Jumanne.

Baba alikuwa nyumbani, mwenye maharage kafunga kibanda kwa woga. Alimsikiliza Josepha mpaka mwisho, kisha akaenda akafunga mlango, akavuta na pazia.

"Mmesikia," akasema. "Miche kumi. Sisi tunayo minane."

"Nusu nusu," mama akasema.

"Ukiziunganisha minane. Na sukari kilo sita. Nyumba ya watu watano. Akija mtu na daftari, Celina, utamwambia nini?"

"Nitamwambia tumebana."

"Nusu kijiko."

"Ndiyo. Nusu kijiko."

"Mwaka mzima na zaidi."

"Si wewe mwenyewe ulikuwa unainywa hiyo chai?"

"Mimi najua." Baba alikaa kitandani, kitanda kikalia. "Nauliza nani ataamini. Mimi nisingeamini. Mtu akiniambia kilo sita kazipata kwa nusu kijiko ningemwambia nenda kamdanganye bibi yako."

Mama alitoka akaenda kwa Bi Sitara. Walimsikia kupitia ukuta, anamwambia tufanye leo ile biashara yetu ya Alhamisi. Na wakamsikia Bi Sitara.

"Leo? Kilo tatu chumbani kwangu, leo? Hapana, Mama Josepha. Nina presha mimi. Acha upepo upite kwanza, mashuka hayaendi popote."

Wilbert alitumwa Mtaa wa Kongo. Akarudi akasema kwa fundi viatu kuna kufuli, na majirani hawajui kaenda wapi, au wanajua hawasemi.

Ndipo mama akasema twende kwa Balozi. Balozi wa nyumba kumi alikuwa Mzee Mrisho, anakaa nyumba ya pembeni yenye baraza ya saruji. Mtu mpole, aliyeandika majina yao wote kwenye kadi kwa mkono wake. Mama akasema yeye anajua mtoto kachaguliwa, akituandikia kakaratasi tu kwamba vitu ni vya shule, mambo yamekwisha.

"Nikienda mimi nitakuwa nimejitaja," Baba akasema. "Na wewe vilevile."

Wote wawili wakamwangalia Josepha.

"Ataenda mwenye shule," mama akasema. "Mtoto akiuliza, ni mtoto kauliza. Chukua barua. Utamwamkia, utampa barua aisome, utasema: Mzee, vitu vyangu vya shule viko ndani, tufanyeje. Basi. Sema nikusikie."

"Mzee, vitu vyangu vya shule viko ndani, tufanyeje."

"Kwa sauti."

Akasema kwa sauti. Njiani akayarudia tena na tena, nyumba baada ya nyumba, mpaka maneno yakawa kama kokoto mdomoni. Barua alikuwa kaiweka ndani ya gauni, tumboni, kwa sababu mawingu ya masika yalikuwa yameanza kushuka.

Barazani kwa Mzee Mrisho kulikuwa na watu. Wanamgambo wawili wamekaa na bunduki magotini, wanakula mihogo. Na bwana mmoja wa miwani, daftari kubwa limefunguliwa mbele yake. Josepha akasimama. Angerudi, ila Mzee Mrisho alikuwa ameshamwona.

"Karibu, mwanangu. Wewe si wa Tarsis?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Una shida gani?"

Yule bwana wa miwani akainua kichwa. Wanamgambo wakaacha kutafuna. Josepha aliyaona macho ya wote wanne, na jicho la tano lilikuwa lile daftari, jeupe, linasubiri kuandikwa. Barua ilikuwa inamwasha tumboni. Akafungua mdomo.

"Mama anakusalimu," akasema.

"Mwambie nimeshukuru sana," akasema Mzee Mrisho. Akasubiri kidogo. "Hilo tu?"

"Hilo tu."

Akageuka akaondoka polepole, maana alihisi akikimbia watamfuata. Kufika kona akasimama kwenye ukuta wa duka lililofungwa. Alikaa pale kwa muda wa mtu kwenda na kurudi, akijiambia atarudi barazani, sasa hivi, akihesabu mpaka kumi. Alihesabu kumi nyingi.

Nyumbani mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Kasemaje?"

"Hayupo."

"Kaenda wapi?"

Uongo ukishafungua mlango wenziwe wanaingia wenyewe. "Wamesema kaenda mkutanoni Mnazi Mmoja. Hatarudi leo. Na kuna wanamgambo pale kwake, wana daftari."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililomaliza kazi. Baba alisimama akavuta sanduku kutoka uvunguni.

Mvua ilikuwa imeanza. Mvua ya masika, ile isiyobisha hodi, na watu wote wameingia ndani. Baba alisema ndiyo wakati wenyewe. Mama alisema tugawe basi, tugawie wapangaji, hata kikombe kikombe. Baba akasema ukimpa mtu sukari leo, kesho akikamatwa nayo atataja ilikotoka, na wewe utamlaumu? Mama akabeba debe mwenyewe.

"Niliitia mimi," akasema. "Nitaitoa mimi."

Choo kilikuwa nyuma ya ua, cha shimo, kina mlango wa gunia. Josepha alimshikia mama yake mwavuli uliovunjika mbavu. Mama alichuchumaa, akafungua debe, akachukua kijiko kilichokuwa humo ndani, kile kile cha kila siku, akaanza kuchota. Kijiko kimoja shimoni. Kijiko cha pili. Alikuwa anasawazisha kila kimoja kwa kidole kabla ya kukimwaga, kwa mazoea, kilichozidi kinarudi debeni.

Baba alikuja akasimama nyuma yao kwenye mvua. Aliangalia vijiko kama saba vikienda.

"Celina."

Mama aliendelea.

"Celina, lete."

Alimnyang'anya debe taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaligeuza lote. Halikufanya kelele hata kidogo. Kilo sita.

Sabuni alizitupa kwenye mtaro wa mbele, ambao maji yalikuwa yanakwenda mbio kuelekea Mto Msimbazi. Aliamini zitakwenda na maji. Zikakwama kwenye takataka nyumba tatu mbele, na mvua ikazipiga, na baada ya robo saa mtaro mzima ulikuwa unatoa povu. Povu jeupe, linapanda mpaka barabarani, watoto wa mtaa wanatoka kulichezea wanapaka vichwani. Watu wazima walichungulia madirishani, wakaona, wakafunga madirisha. Hakuna aliyeuliza.

Kesho yake sisimizi. Walitoka chooni kwa mstari, wakapita chini ya pazia la gunia, wakakatiza ua, wakapanda ukuta wa jikoni. Kila mmoja kabeba chembe. Bi Sitara alitoka na birika la kutawadhia akasimama kuwaangalia.

"Hawa wenzetu foleni yao haina mawe," akasema. Kisha akaelewa, akamtazama Mama Josepha aliyekuwa anachambua maharage ya ufagio, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuongeza neno.

Alhamisi wakaja. Wanamgambo wawili, bwana wa daftari, na mbele yao Mzee Mrisho anabisha hodi chumba kwa chumba. Walikuwa watu wa heshima, walivua kofia. Mmoja aliinama uvunguni akavuta sanduku la kijani. Likaja jepesi, karibu amwangukie mwenzake. Wakafungua. Blanketi moja, ndoo ndogo, sahani ya bati.

"La nini hili?" akauliza bwana wa miwani.

"La mtoto wa shule," mama akasema. "Anaenda kidato cha kwanza."

"Tarehe ngapi?"

"Jumatatu."

"Jumatatu na sanduku liko hivi?" Mzee Mrisho akaingilia. "Anaenda shule na hewa? Mama Josepha, si ungeniambia nikusaidie. Watoto wa shule na watu wa shughuli tunawaandikia karatasi, hawa mabwana hawana neno nao. Bwana Abbasi pale ng'ambo kakutwa na kilo kumi za sukari, binti yake anaolewa. Nimeandika, wamesoma, wamepita."

Mama alikuwa kashika ukingo wa kitanda. "Tulikuja, Mzee. Jumanne. Hukuwepo."

"Jumanne nilikuwepo kutwa. Na hawa hawa nilikaa nao." Akamwona Josepha nyuma ya pazia, akatabasamu. "Si huyu binti alikuja? Alikuja akaniamkia vizuri, nikamuuliza una shida gani, akasema mama anakusalimu. Nikawaambia hawa mabwana, mnaona, watoto wenye adabu bado wapo Dar es Salaam."

Walifunga sanduku, wakalirudisha uvunguni, wakaaga.

Baba alikuwa ukutani. Akatoka nje. Mama alibaki amekaa. Mlango ulikuwa wazi na sauti za hodi zilikuwa zinasikika koridoni, chumba cha tatu, cha nne.

"Alikuwepo?" mama akauliza.

Josepha akaitika kwa kichwa.

"Na alikuuliza una shida gani?"

Akaitika.

Josepha alisubiri kofi. Alilitaka. Aliusogeza na uso kidogo. Mama akamwangalia kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe mahali fulani na sasa hakumbuki.

"Kachukue birika," akasema. "Wadogo zako hawajanywa chai."

Chai haikuwa na sukari, ya majani ya juzi. Mama alimimina vikombe vitano. Alipomaliza mkono wake ulishuka wenyewe uvunguni kutafuta debe la akiba, ukagusa bati la sanduku, ukarudi.

Jioni ile Baba alirudi na wazo. Alikuwa amezunguka sokoni kutwa, hakuna mtu mwenye shuka, na mwenye nalo hataki hela. Akasema tupige telegramu. Tumwombe mkuu wa shule nafasi isiondoke. Wakipewa hata mwezi mmoja wataanza upya. Upya na nini hakusema.

Josepha ndiye mwenye mwandiko. Aliandika nyuma ya bahasha ya barua yenyewe: NAOMBA NAFASI YANGU INGOJE NINAKUSANYA VIFAA.

Baba alisoma, akachukua kalamu. "Kila neno linalipiwa. Naomba ya nini, si itajulikana ni ombi? Yangu ya nini, si jina litakuwepo?" Akakata, na pa ninakusanya akaweka bado. Ikabaki NAFASI INGOJE VIFAA BADO. "Manne. Imetosha."

"Rudisha naomba," mama akasema.

Alikuwa mlangoni kwenye jiko, mgongo umewaelekea.

"Celina, hela hii ndiyo ya unga."

"Rudisha naomba. Weka na tafadhali."

"Tafadhali na naomba ni kitu kimoja."

"Weka vyote viwili. Weka na sana." Aligeuka. Josepha hakuwahi kumsikia mama yake akitaka kitu kizidi. "Mtoto kabana maneno Jumanne. Yatosha kubana."

Ijumaa asubuhi, siku ambayo treni ilikuwa inaondoka, Josepha na baba yake walikwenda posta ya mjini kwa miguu, wakakatiza Mnazi Mmoja kwenye matope ili wasilipe basi. Karani aliwauliza kama wanataka kulipia na jibu, ili shule isipate gharama. Baba alihesabu alichonacho. Jibu la maneno sita, akasema. Karani akapiga mhuri.

Bi Sitara aliwapokea uani. Akaambiwa. Akatikisa kichwa polepole.

"Hilo ni jiwe la foleni mmeliweka," akamwambia Josepha. Safari hii hakuwa anatania. "Omba hili nalo lisiwe na miguu."

Jumatatu ikapita. Josepha alikuwa anakaa kizingitini kutwa, anachambua maharage, kengele ya baiskeli ikilia anainuka. Tarishi wa telegramu alipita mtaa ule mara mbili wiki ile. Mara ya kwanza alikwenda kwa Bwana Abbasi, pongezi za harusi. Mara ya pili alisimama mbele kabisa ya nyumba yao, akateremka, akafunga mnyororo uliotoka, akaendelea.

Wiki ya tatu Josepha alikwenda posta peke yake, bila kutumwa. Alisimama kwenye dirisha, na watu nyuma yake, na akasema kwa sauti ambayo karani hakuhitaji kumwambia arudie: nilituma telegramu tarehe kumi na tano, nataka kujua imefika. Karani alitafuta kwenye vitabu vyake. Imefika, akasema, imepokelewa siku hiyo hiyo saa nane mchana, kuna sahihi ya mtu.

"Na jibu?"

"Jibu ni juu yao, dada. Wewe umeshalipia."

Alirudi kwa miguu. Mama alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya jiko. Debe lilikuwa pembeni yake, limeoshwa, na ndani kulikuwa na sukari ya kufunika kitako tu. Josepha alimweleza. Mama akaendelea kupuliza moto.

Maneno sita yalilipiwa. Mpaka masika yanaisha, halikutumika hata moja.